Desemba Tanga: Shajara ya Safari ya Familia Moja kutoka Kiel

Jumapili, 15 Desemba 2024

Tumetoka nyumbani Kiel alfajiri, kukiwa giza na manyunyu ya baridi, katika msimu ambao jua la kaskazini mwa Ujerumani huchomoza karibu saa mbili na nusu asubuhi na kuzama ifikapo saa kumi alasiri. Kifungua mimba wetu, mvulana wa miaka mitano, ameng'ang'ania kalenda yake ya Majilio, ile ya karatasi ngumu yenye vijidirisha 24 ambavyo mtoto hufungua kimoja kila siku hadi mkesha wa Krismasi na kukuta kipande cha chokoleti, na hakuna aliyethubutu kumweleza kitakachoipata chokoleti hiyo katika joto la Tanga. Mdogo wake, binti wa miaka miwili, hajui tunakokwenda. Anajua tu kwamba leo amevalishwa soksi mbili mbili.

Tumechagua kuondoka mapema na kurudi kwa kuchelewa kwa sababu nafasi kama hii haitapatikana tena kwa miaka mingi. Ujerumani kuhudhuria shule ni wajibu wa kisheria, na mzazi anayemtoa mtoto darasani siku chache kabla ya likizo ili apate tiketi nafuu anaweza kutozwa faini. Mwakani kijana ataanza darasa la kwanza, na tangu hapo safari zetu zitapangwa na kalenda ya shule, yaani wakati uleule ambao kila familia inasafiri na nauli zinapanda. Chekechea haina masharti hayo. Kabla ya kukata tiketi, mimi na mume wangu tulikubaliana kwamba watoto hawa, ambao hawajawahi kufika nyumbani, wasikae Tanga kama wageni. Mgeni hupikiwa, hutandikiwa na kusindikizwa. Sisi tunataka walale na binamu zao, watumwe dukani na wagombezwe na bibi yao kama wajukuu wengine.

Jumatatu, 16 Desemba

Tumebadilisha ndege Frankfurt na Addis Ababa, tukatua Dar es Salaam mchana. Usiku wa angani hauna la kusimulia isipokuwa kwamba watoto walilala kwa zamu, kila mmoja akimwachia mwenzake nafasi ya kulia. Addis tulikaa muda mfupi, jambo tulilolizingatia tangu wakati wa kununua tiketi, kwa kuwa msafiri anayengoja zaidi ya saa 12 katika uwanja wa ndege wa nchi yenye hatari ya homa ya manjano hutakiwa kuonyesha cheti cha chanjo anapoingia Tanzania.

Watoto wanasafiri kwa pasipoti za Tanzania, ambazo zilitugharimu safari ya treni hadi Ubalozi wetu mjini Berlin huku mdogo akiwa bado ananyonya. Uraia umekuwa mazungumzo ya kila sebule ya Watanzania wa Ujerumani tangu tarehe 27 Juni mwaka huu, sheria mpya ya nchi ile ilipoanza kumruhusu mgeni kuchukua uraia wa Kijerumani bila kuuacha wa kwao. Kwa kuwa sheria ya Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili, mlango umefunguliwa upande mmoja tu, nasi wazazi tumeamua kungoja. Kijana aliuliza kwa nini baadhi ya abiria tuliopanda nao wamejipanga foleni nyingine ya viza, nikamjibu kwamba wao wamekuja kutembea.

“Na sisi?”

“Sisi tumerudi.”

Alinitazama kwa mashaka, na nadhani alikuwa na haki: mtu ambaye hajawahi kufika mahali atarudije?

Jumanne, 17 Desemba

Mapumziko kwa dada yangu, Mbezi. Masweta yamevuliwa na kufungiwa ndani ya begi.

Jumatano, 18 Desemba

Shemeji yangu ametusafirisha kwa gari lake, tukaondoka saa kumi na moja alfajiri kwa njia ya Bagamoyo ili tuukwepe msongamano wa Kibaha na Chalinze. Viti vya watoto vya kwenye gari tulivibeba kutoka Kiel, na vilipofungwa kiti cha nyuma shemeji alicheka, akasema gari lake limekuwa chekechea. Sikuona aibu. Barabara ya kaskazini katika wiki hii ya Desemba ndiyo anayopita kila mtu wa Kilimanjaro na Arusha anayekwenda kula sikukuu kwao, na kati ya Msata na Segera tulikuwa katika msururu wa mabasi na magari madogo yaliyofungiwa magodoro, majiko ya gesi na mabegi juu ya paa. Bagamoyo tulipata chai na chapati. Kuanzia hapo hadi Msata ni kilomita 64 za lami nzuri, halafu barabara inashuka hadi mto Wami, ambako daraja jipya limemaliza kero ya lile la zamani lililokuwa likipitisha magari ya upande mmoja kwa zamu.

Segera ndipo njia zinapoachana. Wa Moshi na Arusha wanaelekea Korogwe, sisi tunakata kulia kwenda Muheza, na ghafla barabara ikawa yetu. Tulisimama kununua embe na mahindi ya kuchoma. Binti mdogo, ambaye Kiel hula embe iliyokatwa vipande na kuuzwa ndani ya kikopo cha plastiki, alipewa nzima na muuzaji mwenyewe, akaitazama kwanza, kisha akaing'ata na maganda yake. Huu ni msimu wa embe, na mpaka tunafika Tanga gauni lake lilikuwa halifai hata kufuliwa.

Baada ya Muheza yakaanza mashamba ya mkonge. Kijana aliuliza ni nanasi gani kubwa namna hiyo, na baba yake akapata nafasi ya somo la historia ambalo chekechea ya Kiel haifundishi: kwamba mmea huu uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani mmoja, Richard Hindorf, kutoka Florida, miche mingi ikafa njiani, ikapona 62 tu, na katika miche hiyo ndimo yalimotoka mashamba yaliyoufanya mkoa wa Tanga ujulikane ulimwenguni. Mwaka huohuo wa 1893 Wajerumani walianza kujenga reli kutoka bandari ya Tanga kuelekea bara. Kijana alisikiliza, kisha akauliza kama Mjerumani huyo alikuwa anakaa Kiel.

Tumefika Chumbageni alasiri. Mama yangu alikuwa amesimama barazani tangu saa sita, hivyo ndivyo majirani walivyotueleza, ingawa yeye mwenyewe alikana.

Alhamisi, 19 Desemba

Majira ya baridi saa za Tanzania huitangulia Ujerumani kwa saa mbili tu, lakini saa hizo mbili zinatosha kuvuruga nyumba. Watoto wamekataa kulala hadi saa tano usiku, na asubuhi, wakati binamu zao wamekwisha kunywa chai na kufagia uwanja, wao walikuwa bado wamezama usingizini. Mama alitaka kuwaamsha. Nilimwomba awaache siku ya leo, akakubali, ila alisema kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni kwamba watoto wa nyumba hii hawajawahi kuamka na jua la utosi.

Joto ndilo lililotushughulisha zaidi. Upepo wa kaskazi ndio kwanza unaanza kushika, na ifikapo saa saba mchana nyumba ya bati haikaliki. Shingo na mgongo wa binti vimejaa harara. Mimi ni muuguzi, nami nilikuwa nimebeba krimu ya kutuliza ngozi kutoka Kiel. Mama alimwogesha maji ya baridi mara tatu, akamwacha na chupi peke yake chini ya mwembe, na jioni harara zilikuwa zimefifia kabla sijaifungua krimu yangu.

Kuhusu malaria, hata hivyo, sikumpa mtu yeyote nafasi ya kujadili. Watoto wanakunywa kila siku vidonge vya kinga tulivyovianza kabla ya kuondoka na tutakavyoendelea navyo kwa siku 7 baada ya kurudi, na usiku wanalala ndani ya chandarua chenye dawa. Mama aliniuliza, bila ukali, mbona sisi alitulea Tanga hii hii bila vidonge. Nilimweleza kwamba mtoto anayekulia hapa, akinusurika na malaria za utotoni, mwili wake hujenga kinga ya kiasi, lakini aliyezaliwa Ulaya hana kinga hiyo hata chembe, na hata sisi wazazi tuliokaa miaka mingi kule tumeipoteza kwa sehemu kubwa. Alinyamaza kidogo, akasema, “Basi na wewe ingia kwenye chandarua.” Katika jambo hili watoto wetu ni wageni, na watabaki wageni, hata tukipenda vipi.

Ijumaa, 20 Desemba

Leo kijana ametumwa. Ameandamana na binamu yake wa miaka saba hadi duka la pembeni kununua sukari na kiberiti, noti ikiwa imekunjwa ndani ya kiganja, nami nimesimama dirishani nikijizuia kuwafuata. Kiel mtoto wa miaka mitano havuki barabara bila mkono wa mtu mzima. Hapa kuna bodaboda, bajaji na baiskeli nyingi, kwa kuwa Tanga ni mji wa baiskeli, lakini pia kila nyumba ya mtaa huu ina mtu barazani anayejua huyu ni mjukuu wa nani. Walirudi na sukari, kiberiti na peremende mbili za nyongeza. Chenji ilikuwa kamili.

Mchana alikalishwa kwenye mbuzi kukuna nazi. Bibi yake, ambaye humwita “mume wangu” kama ilivyo desturi ya utani wa bibi na mjukuu wa kiume, alimwambia kwamba mume asiyejua kukuna nazi atakula wali mkavu. Mtoto alikuwa bado hajaelewa amemwoa bibi yake lini, lakini kazi ameielewa upesi: kifuu kimoja kilimchukua karibu nusu saa, vidole vikapona, na tui la kupikia mchicha likapatikana. Chokoleti za kalenda zimeyeyuka zote zikatiririkia chini ya vijidirisha, na binamu wamezilamba kwenye karatasi bila kujali tarehe.

Jumapili, 22 Desemba

Baada ya ibada tumekwenda kuogelea Raskazone. Nitaiandika siku hii kwa kirefu.

Ufukwe ulikuwa na familia nyingi, zikiwemo za wageni wanaofanya kazi mjini, ambao wameongezeka tangu ulipoanza mradi wa bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, kaskazini kidogo mwa mji. Karibu nasi walikuwa wamekaa mke na mume Wajerumani na binti yao anayekaribia miaka sita. Kijana wangu alisikia Kijerumani, akatega masikio, na kabla sijasema neno alikuwa amekwisha kumwendea yule binti kumweleza habari ya chekechea yake, ya theluji na ya kalenda iliyoyeyuka. Siku zote hizo alikuwa akisikia Kiswahili na kukijibu kwa maneno mawili matatu. Sasa alifunguka kama bomba.

Ndipo binamu zake walipokuja na mpira. Yule binti wa Kijerumani aliwageukia na kuwauliza, kwa Kiswahili laini cha Tanga, na kwa lafudhi ambayo mimi mwenyewe nimeanza kuipoteza, kama wanataka kucheza rede, na kama wanataka, nani ataanza kati. Akagawa pande mbili, akamkemea binamu mmoja kwa kuibia, na alipoona kijana wangu amesimama, alimwambia kwa Kiswahili kilekile, “Wewe kaa kati, usiogope.” Alikwenda akakaa kati. Mchezo ulipopamba moto alianza kupiga kelele za Kiswahili kama wenzake, sentensi nzima nzima, na kwa saa nzima hakurejea Kijerumani hata yule binti alipomsemesha kwa lugha hiyo.

Tulizungumza na mama wa yule binti. Wamekaa Tanga mwaka wa tatu; binti amelelewa na dada wa kazi kutoka Pangani na anasoma na watoto wa hapa. Krismasi hii hawaendi Ujerumani, kwa sababu tiketi za Desemba kwa watu watatu zinakula akiba yao na kwa sababu mtoto anaugua kila anapoingia katika baridi ghafla. Badala yake babu na bibi wa upande wa baba wamekuja wao, na sasa wamelala hotelini kwa kushindwa na joto. Aliniuliza tunakaa wapi, nikamwambia Kiel. Alicheka, akasema yeye kwao ni Eckernförde, mji mdogo wa pwani usiozidi mwendo wa nusu saa kwa gari kutoka kwetu, ambao ni mji dada wa Tanga. Kwa hiyo mwanamke huyu analea mwanawe nyumbani kwetu, nami nalea wangu nyumbani kwake, na kila mmoja wetu anahesabu nauli. Tofauti ni kwamba yeye ana msaidizi, bustani na majirani wanaomjua mtoto, ilhali mimi nina ghorofa ya nne, zamu za usiku na chekechea inayofungwa saa kumi na nusu. Lakini yeye akipata homa usiku hana mama wa kumgongea mlango. Hatukuoneana wivu, nadhani, au tulioneana kwa usawa.

Tukiwa tunarudi, kijana aliniuliza kwa Kiswahili kama yule rafiki yake ni Mtanzania. Nilisema hapana, ni Mjerumani. Akasema, “Lakini anakaa hapa.” Baba yake alimjibu kwamba hilo ni kweli, na tukaliacha hapo.

Jumanne, 24 Desemba

Tumehamia Muheza, kwa wakwe zangu, kijijini karibu na Magila. Kwa Wajerumani usiku wa leo ndio kilele: mti unawashwa taa na watoto wanafungua zawadi jioni hii, si kesho. Kijana anajua hivyo na alikuwa tayari tangu saa kumi. Mamamkwe alimweleza kwamba hapa zawadi hutolewa kesho baada ya kanisa, wote wakiwepo. Mtoto alihofia kwamba mleta zawadi angekuja usiku akakuta hawajajiandaa. Babu yake, ambaye alikuwa akichambua mchele na wanawake kwa kuwa ana macho mazuri kuliko wao, alimjibu bila kuinua kichwa: “Hapa hakuna mtu anayeingia nyumba ya watu usiku bila kubisha hodi.” Ukawa mwisho wa mjadala.

Jumatano, 25 Desemba

Magila, au Msalabani kama wengi wanavyopaita, ndipo wamisionari Waanglikana wa UMCA, yaani Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, walipoweka kituo chao katika nusu ya pili ya karne ya 19, na kwa Wabondei wengi Krismasi isiyosaliwa pale haijakamilika. Kanisa lilijaa hadi nje. Ibada ilikuwa ndefu kwa kipimo cha watoto wa miaka miwili. Binti alizungushwa kwa mashangazi, akarudi mikononi mwangu na biskuti ambayo sikuwahi kujua imetoka kwa nani. Watoto wote walikuwa na nguo mpya, na wa kwetu walishonewa na fundi wa Muheza kitenge kimoja na binamu zao, hivi kwamba kwa mbali sikuweza kumtambua mwanangu ni yupi.

Kisha ukaja mchana wa pilau. Mbuzi wawili walichinjwa, masinia yakapangwa mkekani, watoto wakakaa kwenye sinia lao na kula kwa mikono. Kijana alitafuta kijiko kwa macho, akaona hakuna anayetafuta, akaanza. Kabla hatujala sisi wakubwa, mamamkwe alifunika sahani na kuzipeleka kwa majirani Waislamu, kama wao wanavyoleta za kwao wakati wa Idi, na aliyetumwa kubeba moja ni mwanangu. Alirudi na sahani yenye kashata, maana sahani hairudi tupu. Jioni ikawa zamu ya watu wazima kudaiwa: kila mtoto wa kijiji aliyepita alitunyooshea kiganja na kusema, “Nipe sikukuu yangu,” na mume wangu alitoa sarafu hadi zikamwishia. Zawadi kutoka Ujerumani zilifunguliwa mchana kweupe mbele ya watu wapatao thelathini, na gari la mbao la kuunganisha lilikuwa limekwisha kuunganishwa na watoto wanane kabla mwenyewe hajalishika vizuri. Alilia kidogo. Hakuna aliyemshughulikia, akaacha.

Alhamisi, 26 Desemba

Kurudi Tanga. Wote wamelala.

Jumamosi, 28 Desemba

Binti ameamka na homa, kipimajoto kinaonyesha nyuzi 39. Ninajua homa nyingi za watoto ni za virusi na zinapita zenyewe, lakini katika nchi ya malaria ujuzi huo hauruhusu kungoja, hata kwa mtoto anayekunywa dawa ya kinga. Tulikuwa kituo cha afya kabla ya saa mbili. Mhudumu alimtoboa kidole kwa kipimo cha haraka, na kwa muda wa robo saa na ushei nilikaa kwenye benchi kama mama mwingine yeyote, uuguzi wangu ukiwa haunisaidii kitu. Hakuna malaria. Koo lilikuwa jekundu, akapewa paracetamol kwa kipimo cha uzito wake.

Nyumbani mama alikuwa amechemsha majani ya mwarobaini. Nilikubali ya kuogea, nikakataa ya kunywa. Nadhani sote wawili tuliridhika nusu. Niliandika pia ndani ya daftari langu jambo ambalo wazazi wengi husahau wakisharudi: homa yoyote itakayompata mtoto katika miezi inayofuata, daktari wa Ujerumani aambiwe mara moja kwamba alikuwa Afrika Mashariki, kwa sababu kule malaria si ugonjwa wa kwanza unaofikiriwa.

Jumatatu, 30 Desemba

Homa imekwisha. Mjomba wa watoto alipendekeza twende wote Mapango ya Amboni, yaliyo kilomita 8 hivi kaskazini mwa mji. Tumeyaacha. Ni mapango ya chokaa ya mamilioni ya miaka, yanastahili kuonwa, lakini ndani ni giza, kuna mahali pa kutambaa na kuteleza, na mtoto aliyetoka homani hana haja nayo. Kijana amebaki kucheza gololi uwanjani na hakuuliza.

Jumatano, 1 Januari 2025

Usiku wa manane Kiel ungekuwa na fataki za kila familia. Hapa kulikuwa na kengele, mkesha wa kanisani, masufuria yaliyopigwa na vijana wa mtaa, na watoto wetu waliolala fofofo.

Asubuhi tumemchukua kijana kwenda Tongoni, kilomita 17 hivi kusini mwa mji kwenye njia ya Pangani. Mjomba wake ni mwalimu, na mwalimu wa Tanga hawezi kupita tarehe mosi Januari bila kukumbusha kwamba siku kama hii mwaka 1909 alizaliwa Shaaban Robert huko Vibambani, na kwamba amezikwa Machui. Magofuni tumekuta msikiti uliobaki nguzo na kuta, na makaburi mengi ya Waswahili wa kale yenye minara. Kijana hakuvutiwa na makaburi. Alivutiwa na habari kwamba merikebu za Vasco da Gama zilifika pwani hii mwaka 1498, na kwamba waliporudi mwaka 1499 mabaharia wakiwa wamepungua kwa maradhi, waliichoma moto mojawapo, São Rafael, kwa kukosa watu wa kuiendesha. Aliuliza ilichomwa wapi hasa, akasimama muda mrefu akiikagua bahari.

Jumatatu, 6 Januari

Wiki hii imekuwa ya wageni. Wanakuja kutusalimu, na baadhi yao wanakuja na shida: ada ya shule inayofunguliwa, bati la paa, mtaji wa genge. Sisemi hili kwa manung'uniko, maana hata mimi nilisomeshwa kwa michango ya aina hiyo. Lakini ndugu wengi wanaujua mshahara wa Ulaya, hawaijui kodi ya nyumba ya Ulaya. Tuliamua tangu mwanzo kumkabidhi mama kiasi tulichoweza, yeye agawe, kwa kuwa anajua shida ipi ni ya leo na ipi inaweza kungoja mavuno. Wenyeji husema Tanga waja leo, waondoka leo, wakimcheka anayefika kwa siku moja na mji ukamnasa. Aliyezaliwa hapa akakaa mbali miaka saba hana msemo wake, ana deni.

Watoto hawajui lolote katika haya. Wanaamka saa kumi na mbili na nusu na wenzao. Kijana ana zamu yake ya kufagia uwanja na leo amegombezwa na bibi kwa kuacha majani ya mwembe pembeni, akarudi kuyazoa huku akinung'unika kwa Kiswahili.

Alhamisi, 9 Januari

Kufunga mizigo. Mama amejaza begi moja peke yake: embe, nazi, dagaa wakavu, maandazi, na kipande cha nyama aliyoikausha kwa ajili ya mkwewe. Ilibidi nikae naye chini nimweleze sheria za Umoja wa Ulaya. Nyama na maziwa haviingii kabisa mkononi mwa msafiri. Matunda yanahitaji cheti cha afya ya mimea, isipokuwa mananasi, nazi, ndizi, tende na duriani, yale matunda ya Asia yenye harufu kali. Kwa hiyo embe zibaki, nazi ziende. Dagaa wanaruhusiwa, hadi kilo 20. Alisikiliza yote, akauliza aliyetunga sheria hiyo ana kitu gani na embe. Nyama aliirudisha jikoni, na tutaila leo usiku.

Kijana ameomba mbuzi ya kukunia nazi. Si jambo dogo: ina uzito, na ulimi wake wa chuma hauwezi kupita kwenye mizigo ya mkononi. Tumeizungushia kanga mbili na kuiweka chini ya begi kubwa, tukatoa viatu vya baba yake na vitabu vyangu viwili ili mizani isizidi kilo 23, na mume wangu amesema viatu vya Ujerumani vinapatikana Ujerumani.

Mama ameuliza lini tena. Nilimweleza habari ya shule, kwamba kuanzia sasa itakuwa likizo kubwa ya kiangazi, huenda mwezi wa saba wa mwaka 2026, na kwamba Krismasi hatutaweza kwa muda. Alihesabu kwa vidole, akasema mwezi wa saba ni mzuri zaidi, hakuna joto na machungwa ya Muheza yatakuwa yameiva. Kisha akamwita mume wake aje amalizie nazi ya usiku, kwa kuwa mbuzi yake imekwisha kufungwa na itabidi waazime kwa jirani.